Dobi Asiyepita Katikati

Jumatatu asubuhi dobi alikuwa ameinama bombani nyuma ya jengo, akikamua mashuka ya ghorofa ya tatu. Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, akawasha mashine yake nje ya uzio wa nondo. Mwanga ukampiga dobi ubavuni. Bombani hakuwepo tena. Alikuwa ghorofa ya tatu, mlangoni kwa mwalimu, beseni mkononi, povu bado kwenye viwiko.

"Hodi," akasema, kwa kuwa alishafika.

Mwalimu mstaafu wa fizikia akafungua, akapokea mashuka yake, akazitazama ngazi. Beseni lile huwa linachuruzika kutoka chini hadi juu. Leo hapakuwa na hata tone.

"Umepita wapi?"

"Sijapita," dobi akajibu, na ndivyo ilivyokuwa.

Aliyefurahi kuliko wote ni dobi mwenyewe. Jengo lile lina lifti nzuri tu, yenye kioo, na juu ya kitufe chake pamebandikwa tangazo: lifti ni ya wakazi na wageni wao, mabeseni yapite ngazini. Mwaka jana mimba yake ilitoka kwenye ngazi hizo, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, akiwa amebeba mablanketi. Wakazi walimpa pole nyingi sana, na tangazo likabaki. Sasa tumbo lilikuwa limeanza tena kumtangulia, na kila alipokanyaga ngazi ya kwanza alishika ukuta. Mume wake angembebea, lakini mafundi hawaruhusiwi kuvuka geti la ndani. Mlinzi ni mtu wa sheria.

Basi wakapanga. Dobi akimaliza kukamua anakaa karibu na uzio, anafumba macho, fundi anagusisha ncha kwenye chuma. Kutoka chini kwenda ghorofa ya kwanza ndiko kulikokula moto mwingi. Huko juu ukiongeza chembe tu anafika ya pili, chembe nyingine ya tatu. Moto ukiangukia kati ya kipimo cha ghorofa moja na cha nyingine, dobi habanduki, anabaki amekaa na beseni lake. Mwalimu alishuka na futi akapima ghorofa zote, akakuta zina urefu mmoja.

Udadisi ulimkaba mwalimu wa watu. Akaazima taa nyekundu za baa ya jirani, chungu nzima, akamzungushia dobi. Dobi akatoka jasho, asisogee hata kidogo. Kisha fundi akagusisha ncha, kufumba na kufumbua, na dobi akasikika huko juu akipiga hodi.

"Mwanga hauji kama maji ya bomba," mwalimu akawaeleza majirani. "Unakuja kwa vifurushi. Kifurushi kimoja kikitosha, anapanda. Visipotosha kimoja kimoja, hata ummwagie elfu ni kazi bure."

"Kama kumwomba kitu mwenye jengo," mlinzi akasema, kwa sauti ndogo.

Dobi huko juu hakai sana. Atake asitake, huachia akaanguka kurudi chini, na mara nyingine hushuka na taulo la watu begani. Akitua ghorofa ya kwanza kutoka ya pili, ngazi zote hujaa wekundu. Kutoka ya tatu, kijani cha kuelekea bluu. Kutoka ya nne, bluu yenyewe. Rangi haikosei hata siku moja. Mama wa ghorofa ya pili alikuwa anajua nguo za nani zimepelekwa bila hata kufungua mlango. Akitua chini kabisa hakuna rangi inayoonekana, ila shati jeupe la mlinzi hung'aa, na mapazia ya ofisini yamepauka upande mmoja.

Mwanga wenyewe hubaki ngazini kwa muda wa kikombe cha chai kupoa. Mwenye jengo akaja, akasimama kwenye ule wekundu, akaupenda. Kesho yake akatuma mtu akaziondoa balbu zote za ngazini, na ngazi zile hazina dirisha.

"Si mna taa?" akasema.

Kikao cha wakazi kikauliza swali moja: je, dobi anapanda lifti? Hapandi. Basi hakuna sheria iliyovunjwa, wakaendelea na suala la takataka.

Alhamisi umeme ukakatika. Mashine ya fundi ikanyamaza, jenereta ya lifti ikanguruma.

"Naomba nichomeke hapo mara moja tu," fundi akamwambia mwenye jengo kupitia nondo.

"Jenereta ni ya lifti."

"Basi mke wangu apande lifti."

"Lifti si ya mabeseni, ndugu yangu. Kwani kusoma hujui?"

Mablanketi yalikuwa ya ghorofa ya nne, na wenyewe walikuwa wanayangoja. Dobi akalikumbatia beseni ubavuni, akaingia gizani, mkono mmoja ukutani. Fundi akabaki ameshika nondo. Aliogopa, na hakuficha: kila mara alimwita mkewe kwa sauti, naye akaitikia "nipo", mpaka akaacha kuitikia.

Mwalimu alikisikia kimya hicho, akatoka na tochi. Akamkuta amekaa kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, beseni pembeni, mikono yote tumboni. Tangu mambo haya yaanze, hakuna aliyewahi kumkuta katikati.

"Kumbe unaweza kukaa katikati," mwalimu akasema, akainama amtazame vizuri.

"Hapa ndipo nilipokaa mwaka jana, mwalimu."

Mtoto akacheza. Dobi akashusha pumzi, akapaza sauti kumwambia mume wake "nipo", kisha akamgeukia mwalimu.

"Tangazo linasema wageni wa wakazi wanapanda lifti. Nikiwa mgeni wako leo, mwalimu?"

Mwalimu alifikiri. Alikuwa mtu mwema, na swali lilimvutia.

"Na beseni nalo?" akauliza.

Dobi akalichukua beseni lake, akainuka. Mwalimu alimmulikia kwa nyuma hadi ghorofa ya nne, akimwonya kila penye ngazi iliyomeguka. Nyuma ya ukuta lifti ikawapita ikienda juu. Haikuwa na mtu.