Kura Saba za Bawshar

Wako wanaosema baraza la Bi Sayyida kule Bawshar, mji wa Waarabu ng'ambo ya bahari, ni mchezo wa mabibi wasio na kazi. Waacheni waseme, hawajakaa nalo. Wanawake saba, asili yao wote Unguja, kila Jumatatu baada ya alasiri hukusanyika ukumbini kwa Sayyida kutazama filamu za kizamani za Kimarekani, za enzi zile studio zilipokuwa zikimmiliki mwigizaji kama mtu na mbuzi wake. Kila mwaka huchagua mwaka mmoja wa zamani, wakazitazama filamu zilizoshindania tuzo mwaka ule, kisha wakapiga kura upya. Waamerika walikosea, wao wananyoosha. Na msidhani wanafanya mzaha! Wawili kati yao waliwahi kununiana Ramadhani nzima kwa ajili ya mwigizaji aliyekufa kabla wao hawajaolewa.

Kila mmoja husimamia filamu yake, na mwenye filamu iliyoshinda ndiye anayelichukua baraza nyumbani kwake mwaka unaofuata. Basi miaka yote limekaa kwa Sayyida. Nani atampinga? Skrini kubwa anayo, mpishi anaye, halwa haimwishi, na nusu ya wale mabibi wana mume au mtoto aliyepata kazi kwa mume wa Sayyida. Zamani wakubwa wa studio waliwaambia wafanyakazi wao waipigie kura filamu ya nyumbani, nao wakaipigia. Sayyida hana haja ya kusema. Anakutazama tu huku anakumiminia kahawa.

Mwaka huu Bi Kheiria alilitaka lile baraza, na alilitaka kwa roho yake yote. Mwanawe Loai alimjengea nyumba Mabela, pembeni kabisa ya mji, nyumba nzuri mashaallah, kisha kazi ikamchukua mji wa Sohar yeye na mke na watoto. Mama akabaki na vyumba. Siku nyingine hupiga simu dukani kuuliza bei ya vitunguu, na vitunguu anavyo, ili mradi asikie mtu anamjibu. Kila anayemwalika ana jibu lilelile: Mabela mbali. Lakini baraza likihamia kwake watasema nini tena? Itawabidi waje, wajae, wapige kelele, wamwage chai kwenye zulia lake.

Akaichagua filamu ya mshoni. Ilikuwa filamu ndogo ya studio maskini, na mwigizaji wake mkuu alikuwa amekataa kutia saini mkataba mpya, basi bwana wa studio akamnyamazia, asimpigie debe hata siku moja. Tuzo ikaenda kwingine. Kheiria alipoitetea filamu ile mbele ya wenzake, sauti ilimtetemeka, na mabibi wakafuta machozi kwa ncha za mitandio. Sayyida mwaka huu alikuwa na filamu ya malkia, rangi tupu na farasi, uigizaji hakuna.

"Wallahi, shoga, mwaka huu baraza ni lako," Balqees alimwambia. Huyu Balqees ndiye anayemchukua kwa gari kila Jumatatu na kumrudisha, na ndiye shoga yake wa tangu utotoni, tangu walipokuwa wakishikana mikono kwenda zanana, shoo ya sinema ya wanawake peke yao, mama zao mbele na mabuibui yao. "Nimeshasema nao wote. Weye kaa tayari."

Na kweli, mmoja mmoja wakampigia simu. Kura yangu unayo, Bi Kheiria. Yangu pia. Mimi tena? Uniulize mimi? Kheiria akamsumbua Loai mpaka akamletea projekta. Akabadilisha mapazia. Akanunua vikombe vipya, akavipanga, akavipangua, akavipanga tena.

Siku ya kura ikafika. Kila mtu alipewa karatasi na bahasha ya kufunga kwa gundi, maana Sayyida anapenda mambo yafanywe kama yalivyofanywa kule Marekani. Zamani, alisema, magazeti yalikuwa yakipewa majina ya washindi mapema, mpaka moja likayatangaza kabla ya sherehe, ndipo wakaanza kufunga bahasha.

Kheiria akashika kalamu, akapiga hesabu yake. Kura tano za wenzake anazo. Ya sita ni yake mwenyewe. Sayyida atabaki na ngapi? Moja, ya mkono wake. Mwenye nyumba apate kura yake peke yake, ndani ya ukumbi wake, mbele ya mkamwana wake! La, Kheiria hakulelewa hivyo. Kwa Sayyida amekula, amekunywa, amefunga na kufungua. Ushindi anao tayari, kura moja haitampunguzia kitu. Basi akaandika filamu ya malkia, akaitia karatasi kwenye bahasha, akaifunga.

Aseel, mkamwana wa Sayyida, ndiye aliyefungua na kusoma.

"Malkia," alisema. Kheiria akatabasamu. Hiyo ni ya Sayyida.

"Malkia." Hiyo ni yangu, akajiambia.

"Malkia."

Kheiria akamtazama Balqees. Balqees alikuwa anageuza bangili mkononi, anaigeuza na kuigeuza, jicho hainui. Ya nne, malkia. Ya tano. Ya sita. Aseel akafungua bahasha ya mwisho na kucheka kwa furaha.

"Zote saba! Hata khala Kheiria!"

Lo! Vigelegele vikapaa. Sayyida akamkumbatia Kheiria akimwambia mungwana haoni uzito kukubali kilicho bora, na Kheiria, uso unamwaka moto, akapiga makofi pamoja nao. Angesema nini? Angelalamika kuwa wamemwibia, na kura yake mwenyewe imo humo humo ndani? Wamemchezea shere watu wazima wale, kisha yeye akawasaidia.

Waliingia garini, wakashika barabara kuu.

"Usinune, shoga," Balqees akaanza. "Mabela mbali. Mimi nakuja kukuchukua, sijalalamika hata siku moja, lakini wenzetu hawawezi. Tulizungumza, tukaona bora tusikuvunje moyo mapema."

"Mlizungumza wapi?"

"Kwenye kundi la simu."

"Kundi lipi? Mbona mimi sikuona?"

Balqees akakohoa. "Lile jingine."

Kheiria hakujua kama kuna jingine. Alihisi kama amepigwa kofi na mkono anaoujua.

"Uliniapia, Balqees. Ulisema wallahi."

"Nilitaka upate raha kidogo! Ulikuwa na furaha na mapazia yako, ningekuharibia vipi?" Kisha akapata ujasiri. "Na weye mwenyewe mbona hukujipigia? Tulikuwa tunaona haya, nnakwambia kweli, lakini zilipotoka zote saba tukasema alhamdulillah, kumbe na yeye hataki."

"Nilimpa Sayyida kura yangu nisimwaibishe nyumbani kwake," Kheiria alisema. "Nilijua nnazo zenu."

Walipita maduka, wakapita msikiti, wakaingia mtaa wa nyumba mpya ambazo nusu yake bado hazina watu. Gari likasimama mlangoni.

"Haya," Balqees alisema kwa sauti ndogo. "Jumatatu nikupitie saa ngapi?"

Kheiria alitamani kusema saa ileile. Jumatatu ndiyo siku yake pekee yenye watu ndani yake, ikitoka hiyo zimebaki kuta.

"Usinipitie."

"Ah, Kheiria! Utakwenda na nani?"

"Siendi."

Akashuka, akafunga mlango wa gari taratibu, akaingia ndani. Hakuwasha taa. Alisimama nyuma ya mlango, baibui bado mwilini, akisikiliza. Injini ilikuwa inanguruma palepale nje, gari haliondoki, na Kheiria akawa anangoja Balqees ashuke, aje agonge, aseme neno moja tu. Angemfungulia. Mkono alikuwa ameshauweka kwenye ufunguo.

Gari likarudi nyuma, likageuka, likashika njia ya Bawshar.