Fundo la Mzee Koleo

Hita ya gesi ya bafuni nyumbani kwa Mzee Koleo ilikuwa imegoma. Ukifungua maji ya moto, feni inanguruma, moto hauwaki, kisha kimya. Mama, ambaye kifua kilimsumbua na hakutaka hata kusikia habari za maji baridi, alimpigia simu binti yake. Binti alikuwa fundi wa hita, na ufundi huo aliurithi kwa baba yake, mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Koleo kwa sababu koleo halikumtoka mfukoni.

Mzee alimpokea mlangoni na uchunguzi uliokwisha kamilika.

"Kihisi cha hewa kimekufa. Ningeshamaliza mwenyewe, ila mama yako kanificha bisibisi zangu. Zichomoe nyaya zake mbili, ziunge moja kwa moja, mwenzangu aoge."

"Baba, si wewe uliyenikataza kuziunga?"

"Nilikuwa nafundisha mtoto. Sasa naongea na fundi."

Binti alicheka, lakini hakufurahi. Kihisi kile ni mlinzi. Feni ikivuta moshi na kuutoa nje, chenyewe huusikia mvuto huo na kuruhusu gesi iwake. Moshi ukikosa njia, kinakataa katakata. Ukiziunga nyaya zake, moto utawaka hivyo hivyo, sumu ibaki chumbani, na sumu yenyewe haina hata harufu ya kukushtua.

Alifungua kifuniko. Feni ilizunguka vizuri, mapanga yake masafi. Akachomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye feni kwenda kwenye kihisi, akautafuta ufa au tone la maji. Hakuna. Akaweka mdomo kwenye kihisi chenyewe, akafyonza taratibu. Tik. Akaachia. Tik.

"Kizima hiki, Baba."

"Hayo ni meno yako."

"Mmeanza!" Mama alisema kutoka jikoni, akikohoa.

Binti alirudisha mpira mahali pake, akabeba ngazi hadi nyuma ya nyumba linakotokea bomba la moshi. Alitegemea kukuta kiota cha ndege. Alikuta mdomo wa bomba umezibwa kwa kitambaa cha bluu, kimekazwa kwa waya. Hasira zikampanda. Kisha akaliona fundo.

Waya ulikuwa umesokotwa, na ncha yake imekunjwa kurudi ndani ili isimchome mtu kidole. Alijua watu wawili tu waliofunga waya namna ile. Mmoja alikuwa yeye. Kitambaa nacho kilikuwa mkono wa ovaroli ya zamani ya baba yake.

Alishika ngazi kwa mikono yote miwili. Kama angeziunga zile nyaya, Mama angeingia kuoga, angefunga mlango na dirisha kama kawaida yake, na asingetoka. Aliogopa kama hajawahi kuogopa kazini.

Alikichomoa kitambaa pamoja na waya wake, akateremka nacho. Mzee alikuwa anamsubiri chini.

"Ndege, eh?"

Jibu la ndiyo lilikuwa jepesi mno. Lingemwachia mzee heshima yake, na koleo lake pia. Binti alilimeza, akampa kile kitambaa.

"Mpumbavu gani huyu anaziba bomba la..." Vidole vya Mzee viliufuata waya, vikafika kwenye ile ncha iliyokunjwa. Vikasimama hapo.

"Mama yako alilalamika upepo unamchapa bafuni," alisema hatimaye, polepole. "Ni mimi. Sikumbuki, lakini ni mimi."

"Ndiyo, Baba."

"Na nyaya ningeziunga."

Machozi yalimlenga binti, akayaacha.

Ndani, Mama alichoka kusubiri akafungua bomba la maji. Feni ikanguruma, kihisi kikaitika, moto ukashika. "Yanatoka ya moto!" alipiga kelele kwa furaha. "Mungu awabariki mafundi wangu wote wawili!"

Mzee aliingiza mkono mfukoni, akatoa koleo. Alimkabidhi binti yake kwa upande wa mpini, kama alivyomfundisha akiwa mdogo.

"Hili mama yako alisahau kulificha," alisema. "Nenda nalo."