Vigoda Vitatu vya Ngazini

Seremala mmoja alikuwa akiishi ghorofa ya tatu na bintiye wa pekee, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuoni. Walielewana vizuri, isipokuwa ngazini. Binti alikuwa akipanda kidogo, anakaa, anapanda tena, anakaa. Baba alimtangulia na mifuko yote huku akimtania kwamba anakula kama watu wawili lakini mwendo wake ni wa kobe. Utani ukageuka kero, hata siku moja akamwita mvivu mbele ya jirani. Binti alijikaza akapanda bila kukaa, akafika mlangoni miguu imemwishia nguvu, akaanguka.

Hospitalini walimpima damu, kisha kipande kidogo cha msuli wa paja. Wiki kadhaa baadaye majibu yalitoka. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alivuta kiti akakaa karibu nao. Akawaeleza kwamba chakula kina nishati iliyofungwa ndani yake. Ndani ya seli mna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Humo, kwa msaada wa oksijeni tunayovuta, nishati hiyo hufunguliwa kidogo kidogo na kuwekwa kama akiba ndogo ambayo msuli huitumia papo hapo. Mitokondria za binti zilikuwa dhaifu. Akijikaza, seli hushika njia ya mkato isiyotumia oksijeni, ambayo hutoa nishati kiduchu na kujaza asidi kwenye damu.

"Kwa hiyo chakula anakula," seremala akauliza, "ila nguvu haitoki?"

"Inatoka kidogo, na inaisha haraka. Akipumzika, seli zinatengeneza nyingine. Kule kukaa ngazini ndiko kulikokuwa kunamsaidia."

Seremala aliinamisha kichwa. Walipofika mlango wa jengo lao, alisimama.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani uvivu."

"Hata mimi nilidhani hivyo, baba," binti akasema. "Nilikuwa najisema vibaya kuliko wewe."

Hilo lilimchoma baba kuliko yote. Alimshika mkono, wakapanda hatua kwa hatua, na kila binti alipokaa, naye alikaa, suruali yake nzuri juu ya vumbi.

Kesho yake alipima kona za ngazi kwa futi, akatengeneza vigoda vitatu vyembamba visivyoziba njia. Mwenye nyumba alikuja kulalamika, akakalia kimoja kufunga kamba ya kiatu, akaondoka bila kuagiza viondolewe.

Dawa za daktari zilisaidia kidogo tu. Kupanda bado kulichukua nusu saa. Jioni moja, binti akipumzika kwenye kigoda, seremala alimsimulia kisa cha kiti cha kwanza kabisa alichotengeneza, kilichovunjika fundi aliyemfundisha kazi alipokikalia mbele ya wateja. Binti alicheka mpaka akakosa nguvu za kuinuka. Baba akaweka mifuko chini, akasogea karibu, akaanza kumsimulia kisa cha kiti cha pili.