Siku Kumi na Moja za Kurekebisha Lenzi

Daktari alipomwambia hakuna tena dawa ya kujaribu, Mama hakulia. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akamwambia binti yake, "Nataka picha. Moja tu. Ya kuwekwa mbele ya jeneza siku yangu, na niwe nimeichagua mwenyewe."

Binti alikuwa fundi kamera, na hata pale nyumbani waliishia kumwita Fundi.

"Unipige kwa ile ya baba yenu," Mama akaongeza. "Harusi za mtaa mzima alizipiga kwa kamera ile. Mimi miaka yote nilikuwa nikimshikia taa."

"Si kinyozi hajinyoi, Mama," akadakia mdogo wake Fundi, kijana wa miaka thelathini ambaye watu walimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Na mke wa kinyozi ndiyo kabisa, nywele zinamfika magotini."

Mama akacheka mpaka akakohoa. Siku hiyo bado alikuwa na mashavu.

Kamera ilikuwa kabatini, imeviringishwa kwenye fulana ya marehemu baba yao. Ni ya zile za zamani ambazo mpigaji haoni kupitia lenzi, bali anachungulia kidirisha cha juu. Humo kila kitu kina sura mbili, moja nzito na moja hafifu. Unazungusha lenzi mpaka sura mbili ziwe moja. Hapo ndipo picha itatoka kali. Fundi aliweka gazeti juu ya kiti, akafungua mgongo wa kamera, akabandika karatasi nyembamba mahali pa filamu, akatazama kwa kioo cha kukuzia. Kwenye kidirisha sura mbili za gazeti zilikuwa zimekutana barabara. Kwenye karatasi herufi zilikuwa ukungu mtupu, na kilichoonekana uzi kwa uzi ni pazia lililokuwa nyuma ya kiti. Tena grisi ya ndani ilikuwa imekauka, lenzi inakwama kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Nipe siku mbili," alimwambia Mama.

"Chukua. Mimi nina safari gani nyingine?"

Ndani ya lenzi ile mna mabomba matatu ya shaba yanayoingiana kwa nyuzi kama za skrubu. Nyuzi hizo hazianzi mahali pamoja. Zina midomo minane, na kila mdomo unakubali kuingia, lakini wa kweli ni mmoja tu. Kwa hiyo fundi hufungua polepole, na pale pale mabomba yanapoachana hukwaruza alama pande zote mbili. Fundi alikuwa ameshawafundisha watu wanne kanuni hiyo, na mmoja wao, aliyeisahau, Fundi alimfokea mpaka akaacha kazi.

Asubuhi ya siku ya pili ilikuwa imebaki nusu mzunguko, sindano ya kukwaruzia ameibana kwa meno, Mama akaita. Sauti haikuwa yake. Fundi aliinuka na lenzi mkononi akakimbia, na alipofika mlangoni akahisi mabomba yanaachana vidoleni, kilaini, yote matatu. Mama alikuwa chini kando ya kitanda. Akamwinua, akampangusa, akamlaza. Aliporudi mezani alikuwa na vipande vitatu na hakuna alama hata moja.

Midomo minane kwa minane ni njia sitini na nne. Kwa kila njia ilimbidi aunge mabomba, akaze skrubu, afunge lenzi kwenye kamera, alenge tenki la maji lililo mbali juu ya paa la watu, kisha gazeti lililo karibu, kisha afungue tena. Mwanga wa dirisha ulimruhusu sita, saba kwa siku.

"Dada, si umpige kwa simu tu?" Redio aliuliza siku ya nne. "Hii yangu ina macho matatu."

"Hiyo inanifuta mikunjo!" Mama alijibu kutoka chumbani. "Sikuzeeka bure mimi!"

Siku ya tano Mama aliacha kwenda bafuni mwenyewe. Siku ya saba walimjaribisha gauni alilolichagua, la bluu lenye kola, ambalo Redio alikuwa amelipiga pasi. Likamwagika mabegani kama la mtu mwingine. Mama akalitazama, akasema walitundike, lisije likakunjamana.

Siku ya tisa Redio alisimama mlangoni, hana utani.

"Njoo ukae naye."

"Nikikaa naye, nani atatengeneza?"

"Anauliza uko wapi."

"Mwambie niko chumba cha pili."

"Anajua uko chumba cha pili, Dada. Anauliza uko wapi."

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa kwenye njia ya arobaini na nane.

Ilipatikana siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi. Tenki likaja kali. Gazeti likakosea kidogo tu. Akaingiza chini ya lenzi pete ya shaba nyembamba kama ganda la kitunguu, na herufi zikasimama moja moja. Akaweka filamu, akaenda chumbani karibu akikimbia.

"Mama, tayari."

Mama alifungua macho taratibu. "Haya. Nikalisheni."

Wakamvisha gauni, wakamwegemeza kwenye mito. Akateleza upande. Wakamrudisha, akateleza tena.

"Ningoje kidogo, mwanangu," akasema. "Nikipata nguvu nitakutazama."

Akalala, mdomo wazi. Fundi alingoja mpaka saa kumi. Mwanga ulipoanza kuhama kitandani alichungulia kidirishani, akaona mama wawili, akazungusha mpaka wakawa mmoja. Akabonyeza mara moja.

Mama hakukaa tena. Alifariki siku ya pili yake.

Mtu wa studio aliyesafisha filamu aliinua picha kwenye mwanga kwa furaha. "Kali hii! Lenzi gani, dada? Hata kope zinahesabika."

Zilihesabika. Na mipasuko ya midomo, na mfupa wa paji la uso, na jicho moja lililobaki wazi kidogo bila kutazama kitu. Redio aliiangalia, akailaza kifudifudi mezani.

"Siyo hii."

"Ndiyo hiyo peke yake."

"Najua. Siyo hii."

Wakakuza picha ya kitambulisho, ile ambayo Mama aliichukia kwa sababu, alisema, amekodoa macho kama aliyekamatwa akiwa na kuku wa watu. Ndiyo iliyowekwa mbele.

Fundi alisimama karibu na jeneza, akipokea mikono ya watu.

"Pole sana," walimwambia, mmoja baada ya mwingine. "Shukuru Mungu ulikuwa nyumbani naye siku zote zile."

"Ndiyo," akawajibu. "Nilikuwa nyumbani."