Ahadi ya Mtu wa Mabegani

Mume wangu Wagdi alikaa gerezani miaka minne kwa ajili ya mdomo wake. Alipotoka nikamwapisha: maandamano basi. Hakubisha. Magoti yalikuwa yamekwisha, na hamu pia.

Kisha Gaza ikaanza kuungua. Serikali yetu, isiyopenda kuona hata watu kumi wamesimama pamoja, ikatangaza kwamba Ijumaa ni ruksa kuandamana kwa ajili ya Palestina. Hata mabasi yalitolewa, na bendera za bure.

"Ibtihal, hii wameiruhusu wenyewe," akasema Wagdi, akivaa viatu.

"Uliniposa kwa sauti hiyo, naijua. Ukianza hunyamazi."

"Nitaita Palestina tu. Likinitoka neno jingine, nipige na ufagio."

"Nikupige? Ulivyokonda hivyo utavunjika wewe, ufagio ubaki mzima."

Nikafuatana naye, nimchunge.

Vijana wakamtambua. Hapa Kairo mwenye kuongoza wito hubebwa mabegani asikike vizuri, na ndiye askari kanzu wanayemwona kwanza. Walimnyanyua kabla sijamshika koti.

"Palestina!" akaita.

"Huru!" tukaitikia kwa makofi.

Sauti ilikuwa imechakaa, lakini ni ile ile. Nililia, siwafichi.

Taabu ni kwamba sisi wa zama zetu tulijifunza kuandamana kwa ajili ya Palestina kabla ya kuthubutu kudai haki zetu wenyewe. Baadaye, wakati wa mapinduzi, kule uwanja wa Tahrir, tulidai mkate kwa makofi yale yale. Palestina kwanza, mkate unafuata. Mdomo hausubiri kuambiwa. Wagdi aliita Palestina mara ya mwisho, akanyamaza. Nilimwona anavyouma midomo. Makofi yakaendelea bila neno, mpaka umati ukashindwa kuvumilia: "Mkate! Uhuru! Haki!"

Askari kanzu hawakuuliza nani kasema. Walimshusha aliyekuwa juu. Wakati wanamburuta alinitafuta kwa macho, akaweka kiganja mdomoni, kunionyesha kwamba hakusema.

Mfuko wa kumpelekea vitu gerezani bado ulikuwa nyuma ya mlango, sikuwahi kuutupa. Nikatia blanketi, jibini, sabuni. Nimechoka jamani, nimechoka. Nilitaka kumkasirikia, nikakosa pa kuanzia. Yeye ahadi ameitunza. Mimi niliyemwapisha ndiye niliyepaza "Mkate!" wa kwanza, pale pale chini ya miguu yake, na koo bado linaniuma.