Vikanyagio vya Papa Valère

Papa Valère alikuwa mrefu kiasi kwamba milango ya mtaa wetu wa Kataki ilimfundisha unyenyekevu. Kila alipoingia mahali aliinama, na watu wasiomjua walidhani ni mtu mwenye adabu nyingi. Kazi yake ilikuwa chanjo. Kila juma alifunga sanduku la baridi nyuma ya pikipiki yake ya Kihindi, akashika barabara ya Nyunzu kwenda kuchanja watoto wa vijijini, na kila juma alirudi akitembea kama mtu aliyekunjwa na kusahauliwa kabatini. Pikipiki ile ilitengenezewa watu wa kimo cha kawaida. Alipoikalia, magoti yake yalipanda hadi kwenye usukani, na kila kona goti moja lilibidi litoke nje ili mkono upite.

"Shida njo hivi vikanyagio," alimwambia mkewe jioni moja, akijisugua magoti kwa mafuta ya mawese. "Viko juu sana, tena ni vyembamba. Kukiwa na matope mguu unateleza. Muntu murefu hawezi kuweka mguu kwa kitu kama kidole."

Mama Gracieuse, mkewe, aliuza ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na utosi wake uliishia kwenye mfuko wa shati la mumewe. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Mungu njo alikufanya murefu," alisema. "Si pikipiki."

Lakini Papa Valère hakuwa mtu wa kuachia jambo njiani. Kwenye simu yake alikuwa ameona video za Wazungu wakiruka vilima kwa pikipiki, wamesimama wima juu ya vikanyagio vipana vyenye meno, na hakuna hata mmoja wao aliyejishika magoti. Basi akamwendea Evodie, jirani yetu mfanyabiashara aliyezoea kuvuka ziwa kwenda Kigoma kununua bidhaa, akamwagiza amletee jozi moja.

"Vya pikipiki gani?" akauliza Evodie.

"Vya pikipiki," akajibu Papa Valère. "Kikanyagio ni kikanyagio."

Vilipofika vilikuwa vizuri ajabu. Vilikuwa vipana kama kiganja, rangi ya dhahabu, na meno yake yalikaa safu mbili kama ya mamba mdogo. Aliviweka juu ya meza ya sebuleni, na mgeni aliyeingia alionyeshwa vikanyagio kabla ya kupewa kiti. Vilikuwa na kasoro moja tu. Havikuingia kwenye pikipiki.

Akavipeleka kwa Ruffin, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa na banda lake kando ya reli. Ruffin alivigeuza mkononi, akapima kwa jicho, akachuchumaa kando ya pikipiki, akasimama tena.

"Papa, huu ulimi wake ni munene, hauingii kwa nafasi yake. Tena tundu ni dogo, pini yako haipiti. Hivi ni vya pikipiki ingine."

"Punguza basi."

"Nipunguze kikanyagio ama nipunguze pikipiki?"

"Kile utaona ni rahisi."

Alichoona rahisi Ruffin ni kuvirudisha Kigoma, lakini hakukisema, kwa sababu Papa Valère alikuwa amekwisha kuvua koti.

Wakaanza na tupa. Wakasugua ulimi huku na huku mpaka ukaingia, kisha wakapanua tundu kwa kekee mpaka pini ikapita. Ila walikuwa wamesugua kwa furaha mno, kikanyagio kikawa kinacheza, na Ruffin akalazimika kuweka rondela, vile vyuma vya duara, pande zote mbili kujaza nafasi waliyoitafuta kwa jasho. Halafu vikanyagio vikainama kuelekea chini kama masikio ya mbuzi mgonjwa, maana mahali pa kuvizuia palikuwa pamesuguliwa pia. Ruffin akaongeza chuma hapo kwa moto, vikanyooka. Papa Valère akapanda kwa heshima, akaweka miguu, na wote wakatazama magoti.

Magoti yalikuwa palepale, karibu na usukani.

"Vimekuwa vipana," alisema Ruffin taratibu. "Chini havijashuka."

Papa Valère aliyatazama magoti yake kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa mbali. Kisha akasema, "Hiyo si shida. Vishushe."

Ruffin akachomelea vipande vya bati nene, akavishusha vikanyagio karibu upana wa kiganja. Sasa magoti yakatulia, lakini breki na kibadilishio cha gia vilibaki juu ya vidole vya miguu kama matunda yasiyofikika. Hiyo si shida, alisema Papa Valère. Vikapashwa moto, vikapindwa kwenda chini. Kisha ikaonekana kwamba mguu wa kuwashia injini unagonga kikanyagio cha kulia, kwa hiyo kila akitaka kuwasha itabidi ainame na kukikunja kwa mkono. Hiyo pia haikuwa shida. Mafundi wa mabanda ya jirani walianza kusalimiana kwa maneno hayo: "Hiyo si shida?" "Si shida hata!"

Siku ya kuichukua, Ruffin alimshika begani, jambo ambalo lilimtaka anyooshe mkono wote.

"Papa, chini pamekuwa karibu sasa. Ukipata kona, uende polepole. Usilaze pikipiki."

"Ruffin, mimi nakataka kona kabla hujazaliwa."

Nikiwa jirani yake, siwezi kudanganya: alipendeza. Mgongo ulikuwa umenyooka kama wa gavana, miguu imetulia, kichwa kiko juu ya vichwa vya watu wote sokoni. Alipotoka vijijini alishuka mwenyewe bila kushikilia ukuta, na alikuwa akiimba. Meno ya vikanyagio yalitafuna soli za viatu vyake, akaanza kuvaa buti za mvua hata wakati wa jua, na bado aliimba. Vijana wa pikipiki za kubeba abiria walimzunguka pale kwenye daraja la mto Lukuga, naye aliwafundisha bila kuombwa.

"Musikubali kukaa vile kiwanda kilitaka," aliwaambia. "Muntu asifuate pikipiki. Pikipiki njo imufuate muntu."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Mama Gracieuse alipanda nyuma kwa upande, na suti yake ya kitenge na pochi mapajani. Chini ya kanisa kuna kona ya kulia, na kwenye kona ile wanakwaya walikuwa wamesimama wakizungumza. Papa Valère aliwaona, nao walimwona. Mtu mwingine angepunguza mwendo. Yeye alilaza pikipiki kama wale wa kwenye video.

Kikanyagio cha kulia kikagusa ardhi. Meno yale yalikuwa yamenunuliwa ili mguu usiteleze, na kweli hayakuteleza. Yaliuma barabara yakashika. Gurudumu la nyuma likainuka, Mama Gracieuse akateleza kwa nyuma na kuketi kwenye nyasi kando ya mfereji, pochi ikiwa bado mapajani, kama mtu aliyekaribishwa kiti. Papa Valère alikwenda na pikipiki, na iliposimama ilikuwa imelalia kifundo cha mguu wake wa kulia.

Wanakwaya walikimbia, wakainua chuma, wakamwinua mwenyewe. Mama Gracieuse alijipangusa nyasi, akaja akapiga magoti kando yake.

"Umeumia?"

"Kona hii ni mbaya," alisema Papa Valère, uso umebadilika rangi. "Niliisema zamani."

Kona ile imekuwepo tangu enzi za Wabelgiji na hakuna aliyewahi kuisema.

Mfupa ulikuwa umepasuka. Walimfunga plasta hadi chini ya goti, na mwenzake wa kazini akachukua safari za chanjo kwa muda. Pikipiki ilisukumwa hadi nyumbani ikiwa nzima, ila rangi ya dhahabu ilikuwa imetoka kwenye meno machache. Ilisimama uani chini ya dirisha lake, na Papa Valère alikuwa akiitazama kutoka kwenye kiti siku nzima, kama mgonjwa anayemtazama daktari asiyekuja.

Aliyehitaji pikipiki zaidi, ikaonekana, ni mkewe. Ndagala walipaswa kuchukuliwa ziwani asubuhi na kupelekwa sokoni, na mwenye kuwabeba siku zote alikuwa mumewe. Siku moja alisimama mbele ya kiti chake.

"Nifundishe kuendesha."

Papa Valère alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akanyamaza.

Mafunzo yalifanyika uani. Mwalimu alikaa kitini, mguu wa plasta juu ya kreti, akitoa amri kwa sauti ya padri wa zamani. Mwanafunzi aliketi juu ya pikipiki, miguu ikining'inia hewani, maana vikanyagio vilikuwa vimeshuka mbali kuliko miguu yake.

"Kanyaga breki!"

"Iko wapi?"

"Chini!"

"Chini wapi, kwa kaburi?"

Pikipiki ikaenda yenyewe, ikapita kati ya kamba za nguo, ikasimama kwenye ukuta wa jikoni ikiwa na shuka la kitanda usukani. Mama Gracieuse alishuka, akalianika shuka upya, akaisukuma pikipiki nje ya uzio. Alikwenda kwa Ruffin.

"Mama, Papa anajua?" aliuliza Ruffin alipomsikiliza.

"Papa amelala. Kata hizi bati, uzigeuze ziangalie juu. Na haya meno uyasugue, mimi navaaka sandali."

Ruffin akakata alichochomelea, akachomelea alichokata. Akapandisha vikanyagio juu hata kuliko kiwanda kilivyoviweka, akanyoosha breki na kibadilishio cha gia, akasaga yale meno mpaka yakawa laini kama ukingo wa sahani. Mguu wa kuwashia sasa ukapita bila kugonga chochote. Alipomaliza alizunguka nyuma, akaona kwamba kikanyagio cha abiria upande wa kushoto hakipo. Palikuwa na kichwa cha bolti tu, kimesuguliwa kikang'aa.

"Na hiki?"

"Kilivunjika Tina akiwa ananyonya." Tina, binti yao wa mwisho, sasa alikuwa anasoma sekondari. "Mimi naweka mguu kwa hiyo bolti."

"Papa hakunionyesha."

"Papa alikuwa anaumwa magoti," alisema Mama Gracieuse bila uchungu wowote. Akaigusa bolti kwa ncha ya sandali. "Weka kingine. Kuna muntu atakaa hapo."

Kwa hiyo plasta ilipotolewa, Papa Valère alikuta mji umekwisha kuzoea. Mkewe alikuwa akishuka ziwani na kupanda sokoni na magunia nyuma, akipiga honi kwa watu aliowajua na asiowajua. Asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini alifunga sanduku la baridi, akapanda pikipiki kama zamani, na magoti yakaja yakamkuta karibu na kidevu. Alikaa hivyo kwa muda. Sisi majirani tulitafuta mambo mengine ya kutazama.

"Gracieuse! Nani alifanya hii?"

"Ruffin."

"Nani alimwambia?"

"Wewe. Ulisema pikipiki imufuate muntu. Imenifuata."

Alitaka kukasirika, na alikuwa na haki yake, lakini sanduku lilikuwa na barafu na barafu haingoji. Tena kifundo kilikuwa bado dhaifu, alipojaribu kukanyaga breki kilikataa. Mumewe alipokwisha kushuka na kulifungua sanduku, Mama Gracieuse alijifunga kitenge vizuri, akapanda mbele, akawasha.

"Panda."

Akapanda nyuma, sanduku mapajani. Hadi kilima cha kwanza alipiga kelele: shimo, gia, mbuzi, breki. Baada ya kilima alinyamaza. Miaka yote aliyopita barabara ile hakuwahi kuona kitu ila mashimo yake. Sasa aliona jinsi Lukuga inavyojitokeza na kujificha kati ya miti, na akamwambia mkewe, naye akamjibu kwamba yeye anaijua, tangu siku zake za kukaa nyuma.

Kijijini akina mama walikuwa wamekwisha kukusanyika. Walimpokea Mama Gracieuse aliyekuwa mbele.

"Karibu, docteur! Na papa huyu wa kukubebea sanduku, karibu pia."

"Mimi njo wa chanjo," alisema Papa Valère.

"Ndiyo, papa, weka sanduku hapa kwa kivuli."

Yeye alichanja, mkewe akashika watoto, na siku hiyo walilia kidogo kuliko kawaida, ingawa Papa Valère alisema ni kwa sababu ya hali ya hewa.

Wakaendelea hivyo. Mvua zikaja zikaisha. Kikanyagio kipya cha abiria upande wa kushoto kilikuwa imara, na kwa kuwa miguu ya Papa Valère ilikuwa mirefu, Ruffin alikishusha kidogo pamoja na cha kulia, upana wa vidole tu, bila kuulizwa zaidi. Mama Monique, muuguzi mkuu wa kituo cha afya, ndiye aliyemwita siku moja mlangoni.

"Papa Valère, lini utaanza kuendesha mwenyewe? Mguu haujapona?"

"Bado, Mama. Breki inataka nguvu."

Akaagana naye na kuondoka akichechemea kwa mguu wa kushoto kuelekea pikipiki, ambapo mkewe alikuwa ameshawasha.

"Papa," Mama Monique aliita, "si ulivunjika ule wa kulia?"

Papa Valère alisimama, akatazama miguu yake yote miwili.

"Huu mwingine unausaidia," alisema. Akapanda nyuma, akakumbatia sanduku lake, wakaondoka.