Machozi ya Mtani

Mnyamwezi akimwambia Mzigua atakufa kesho, Mzigua hucheka, humjibu kwamba atamzika yeye kwanza. Huo ndio utani wetu tangu enzi za misafara ya wapagazi, na Mzee Mhina wa Handeni aliupenda kuliko chakula. Mwaka ule tuliohamishiwa vijiji vya ujamaa alilazwa Korogwe, akakuta daktari ni Fabiani, mtoto wa Wanyamwezi wakata mkonge. Alisahau hata kwamba anakojoa damu.

"Shikamoo, maiti," Fabiani alimsalimia kila asubuhi.

"Marahaba, mpagazi wangu."

Wodi nzima iliangua kicheko.

Siku ya majibu Fabiani aliingia bila salamu. "Mzee, figo yako ina kansa. Imeota mzizi ndani ya mshipa mkubwa wa damu, umepanda mpaka moyoni. Dar wamekuja wapasuaji wageni. Watakufungua tumbo na kifua, watausimamisha moyo, mashine izungushe damu, waitoe figo na kuung'oa mzizi wake, kisha wauamshe moyo. Unaweza kufia mezani, unaweza kupona. Usipokwenda, huyaoni mahindi mapya."

Mhina alicheka mpaka akashika ubavu. "Moyo uzimwe, uwashwe, kama lori la kijiji!"

"Sitanii, mzee. Haki ya Mungu."

"Na kiapo juu! Mashavu, funga mizigo. Mpagazi huyu anaitaka kanzu yangu."

Mashavu, mkewe, alifunga mizigo huku anacheka. Fabiani aliwafuata mpaka stendi, na kila alivyowasihi ndivyo walivyozidi kucheka. Mjinga ni yule anayedhani ukweli una sauti yake.

Mahindi yalikuwa bado machanga Mhina alipoanguka katika shamba la ujamaa, akafa.

Fabiani alikuja msibani. Watu walifurahi: mtani amefika, matanga yatachangamka. Alipiga magoti uani, akalia kwa sauti.

"Nilimwambia! Nilimwambia aende!"

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Walisema hajapata kutokea mtani anayejua kulia namna ile.

Mashavu alitokeza mlangoni na kanzu ya marehemu, haki ya mtani. Naye alikuwa akicheka. Alipomkabidhi, daktari hakuivaa kuwachekesha watu; aliikunja, akamrudishia. Kicheko kikamkatika Mashavu.

"Baba," aliuliza polepole, "ule moyo, kweli wangeuamsha?"

"Pengine, mama."

Uani wakacheka upya.